Mungu Alivyonitoa Kwenye Lundo la Pumba

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Sitachukua muda mrefu. Mguu huu haunipi ruhusa ya kusimama sana.

Mimi ni askari wa zimamoto hapa Ifakara. Kwa miaka mingi nilimshukuru Mungu kwa mdomo, ila moyoni nilijua kazi naifanya mwenyewe. Nilikuwa na kiburi. Tena nilikuwa na tabia ambayo wengi wetu tunayo: ndimi za moto zikishazimika, nahesabu kazi imekwisha. Joto la bonde hili mnalijua. Navua kofia, navua barakoa, nalegeza koti, ndipo naanza kukusanya mipira ya maji.

Siku hiyo kiliungua kinu cha kukoboa mpunga pale Mlabani. Tulikizima kabla ya saa sita mchana, nami nikavua kofia na barakoa kama kawaida yangu. Nyuma ya kinu palibaki lundo la pumba, juu jeusi, limelowa. Mpira wetu mmoja ulikuwa upande wa pili, nikaona nikatize juu ya lundo.

Mama Anjela, anayechoma matofali hapo jirani, akaniambia, "Baba, usipande hapo. Hizo pumba ndizo ninazochomea tanuri langu. Juu zinalowa, moto unakula chini kwa chini hata wiki nzima."

Nikamjibu, "Mama, kazi hii nimeisomea."

Ndugu zangu, hatua ya tatu nikazama hadi pajani. Chini kulikuwa na makaa matupu. Moshi ukanijaa kifuani, nikaliita jina la Yesu mara moja tu, sauti ikakatika. Niliogopa kufa. Yule mama akatupa ubao juu ya lundo, akalala kifudifudi, akanishika mkanda mpaka wenzangu wakafika kunivuta. Mikono yake ina makovu hadi leo.

Nililazwa wiki saba. Hapo kitandani nilitubu, na mama yule nikamwomba msamaha.

Mwezi uliopita tuliitwa Idete, kwenye ghala la mpunga. Moto ulipozimika, wenzangu wakaanza kuvua. Nikawaambia hakuna kuvua, wala kukanyaga chochote kabla hatujapima.

"Afande, leo umeamkaje?" mmoja akauliza.

Tukadunga mti mrefu kwenye lundo la mpunga. Ncha ikatoka inafuka moshi. Wakafunga vifungo vya makoti.

Mungu huyu anaokoa kwa mkono wa mtu usiyemtazamia. Mwamini, ndugu yangu, na akikutumia mtu, msikilize. Idete tulikwenda sita, na jioni ile wote sita tuliteremka garini kwa miguu yetu wenyewe.