Maktaba Niliyoichora Mara Mbili

Bwana asifiwe kwa wa kanisani, asalaam aleikum kwa wa msikitini, na wakubwa wote shikamooni. Mwenyekiti ameniomba niongee kwa upole. Nitajaribu.

Ndugu zangu wafugaji, mimi ndiye ninayechora zile bodi za kutunza joto kwenye mashine zenu za kutotolesha vifaranga. Nachora kwenye kompyuta, na kila kipuri lazima umbo lake liwemo kwenye maktaba ya programu, na vipimo vyake sawasawa, la sivyo miguu haiingii kwenye matundu. Vipuri vyangu vingi vinatoka kwenye redio mbovu za hapahapa Mlalo. Kwa hiyo maumbo nilichora mwenyewe, na kila moja nikalipatia jina la mwenye redio. Wengi mliokaa hapa mmo humo.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi. Simtaji jina. Nilipokwenda kumzika shangazi, huku nyuma akafuta programu ya zamani na kuweka toleo jipya bila kuniuliza. Maktaba yangu niliihifadhi ndani ya folda ya programu ileile, ikaenda nayo. Kurudi, nafungua michoro, nakuta alama za kuuliza tupu mahali pa vipuri.

"Dada, hayo mambo ya kizamani, tusonge mbele," akaniambia.

Akasonga kweli. Wiki hiyohiyo akakopi michoro yangu yote, akateremka Mombo kufungua duka lake, akawa anawatangazia watu kwamba sijui kazi na mashine zenu ni za kubahatisha. Nawaambia, nilimchukia. Nilimwomba Mungu amshughulikie, na njia za kumshughulikia nikamtajia.

Wakati huo mashine ikiharibika sikuwa na bodi ya kuwapa, na mayai yalioza, mnakumbuka. Nilikuwa karibu kurudi kulima kabichi. Ndipo nikawaza: vipuri vyenyewe si bado viko, ndani ya mashine zenu? Nikaja hapa kuwaomba. Hamkunicheka. Kila mtu alisubiri mayai yake yaanguliwe kwanza, akafungua bodi, akaniletea imefungwa kwenye kanga. Nikapima upya na kuchora upya. Safari hii maktaba ina folda yake, nje ya programu, na nakala iko kwa dada yangu, kule Irente. Toleo la zamani siligusi mpaka kila mchoro ufunguke kwenye jipya.

Yule mwenzangu naye akapanda kutoka Mombo, kuniomba maktaba. Michoro aliyoiba ilikuwa na mapengo yaleyale, maana maktaba aliiua kwa mkono wake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Nikampa chai. Nikafungua kompyuta, nikamwacha asome majina yote, mpaka la mwisho. Kisha nikaifunga.

"Vipuri viko kwenye mashine za watu," nikamwambia. "Nenda kawaombe, kama nilivyowaomba mimi."

Furaha ilininyima usingizi usiku ule, na sioni haya kusema.

Asanteni nyote mlionifungulia mashine zenu. Somo langu ni dogo: kabla hujaleta kipya, hamisha chako mahali salama, na umwangalie vizuri unayemwachia ufunguo. Mchungaji ananisihi nisamehe. Nitasamehe, mchungaji, ila si mwezi huu.

Mwenyekiti, naona ajenda inayofuata ni wanaoomba kujiunga na kikundi chetu, na mmoja wao amekaa pale mlangoni, ameinamisha kichwa. Jina lake sijalitaja. Mimi nimemaliza, tupige kura.