Mzee Pasikali Ntakije na Miaka Thelathini na Moja ya Kuharibu Sherehe

Tarehe 30 Juni 2015, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Pasikali Ntakije, mpiga gitaa wa bendi yetu ya Heru Jazz, anastaafu. Sherehe za Kasulu na Kibondo sasa zinaweza kuwa na furaha bila kizuizi.

Alijiunga nasi mwaka 1984 akitokea Rungwe Mpya, na gitaa lake na nyimbo za bluzi, yaani zile za polepole zinazomkumbusha mtu marehemu wote wa ukoo wake. Viongozi wanne wa bendi walijaribu kumfundisha nyimbo za kuchangamsha. Wote wameshaondoka. Kwenye harusi moja, bibi harusi alilia mpaka upande wa bwana harusi ukaomba kikao cha dharura. Mzee aliwaeleza kwa utulivu kwamba huo ndio ulikuwa wimbo wake wa furaha.

Mafanikio yake makubwa ni ya Desemba 2012, kambi ya Mtabila ilipofungwa na wakimbizi wa Burundi wakarudishwa kwao. Tulialikwa kuwaaga, kwa maagizo ya nyimbo za furaha tu. Bahati mbaya, mmoja wa walioondoka alikuwa Reverien, Mrundi aliyempigia Mzee besi kwa miaka kumi na miwili, kila alipopata kibali cha kutoka kambini. Tulianza vizuri. Basi la Reverien lilipowashwa, Mzee akaacha wimbo wetu katikati, akatupa kisogo, akaanza bluzi yake kwa Kiha, lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Warundi wakaelewa kila neno. Wakaanza kushuka kwenye mabasi. Msafara ukachelewa saa mbili.

“Tuliambiwa furaha!” alifoka meneja wetu, Bwana Stanislaus.

“Ningeitoa wapi?” Mzee akamuuliza.

Kwa utumishi huo uliotukuka alizawadiwa kusimamishwa kazi miezi mitatu. Nafasi yake ikachukuliwa na kinanda cha umeme, chombo chenye nidhamu ya hali ya juu. Kwenye harusi ya mwalimu Ghati mjini Kasulu, saa nane mchana, umeme ulikatika kabla ya keki, na kinanda kikanyamaza kwa nidhamu ileile. Bwana Stanislaus alipanda pikipiki mwenyewe kwenda kumbembeleza Mzee nyumbani kwake.

Mzee alirudi bila kinyongo, ila kwa miaka miwili aliacha nafasi wazi upande wake wa kushoto, pale aliposimama Reverien. Mimi nilisimama hapo mara moja. Sitarudia.

Mwezi Mei mwaka huu, Warundi walianza tena kuvuka mpaka wakikimbia machafuko. Mzee, mfano wa kuigwa katika mahudhurio, akaomba ruhusa ya siku moja kwenda Makere, mabasi yao yanakopita kwenda kambini. Alikaa siku tisa akiuliza kila basi. Nikatumwa nimrudishe kazini. Nilimkuta barabarani, midomo imekauka kwa vumbi, na sikuwa hata nimemaliza kumsalimia pale Reverien aliposhuka kwenye basi na mkewe na watoto wanne, na kifurushi kimoja cha nguo.

“Umezeeka,” Reverien akamwambia.

“Na wewe umechelewa mazoezi,” Mzee akajibu, kisha akampokea kile kifurushi. Nilirudi Kasulu peke yangu, na taarifa niliyompa meneja ilikuwa fupi.

Kamati ya bendi ilimtafutia Mzee shamba zuri la maharage karibu na mji, apumzike. Ameshukuru sana, kisha akapanga chumba Makere, karibu na kambi ya Reverien. Hatukushangaa, hajawahi kutusikiliza.

Mzee Pasikali, kwa uvumilivu wako kwetu, asante. Vidole vyako visipatwe na maumivu, na uishi miaka mingi na mtu anayeujua muziki wako. Tukija kukusalimia Jumapili, utupigie wimbo wowote uutakao. Hata ule wa furaha.

Asmahani Dadi, mwimbaji, kwa niaba ya bendi