Kocha Shevanta na Uwanja wa Kufuli

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na muziki. Fundi mitambo amenionya nisipaze sauti. Nimemwambia avumilie.

Tunamkumbuka Shevanta Lokhande wa kijiji cha Pimpalwadi. Mpishi wa shule. Kocha wa wasichana kumi na mmoja. Amefariki akiwa na miaka hamsini na nane. Amefia barabarani, alfajiri, nje ya uwanja wa riadha ambao ulikuwa umekamilika na umefungwa kwa kufuli. Shikeni hilo, wasikilizaji. Uwanja ulikuwa umekamilika. Na ulikuwa umefungwa.

Shevanta alizaliwa na wakata miwa. Akiwa na miaka kumi na sita alipelekwa mji wa Pune kwenye mashindano ya shule za jimbo, mbio za mita elfu moja na mia tano. Alikimbia pekupeku. Waliovaa viatu wakamwona mgongo.

Kaka yake, mzee Kisan, ametusimulia yaliyofuata. "Barua ilikuja, wanamwita kambi ya taifa. Baba akaikunja, akaificha chini ya godoro, akaenda kumtafutia mchumba. Dada aliiona miaka sita baadaye, mtoto yuko kiunoni. Hakulia. Aliisoma, akaikunja vilevile ilivyokuwa, akaniuliza, 'Kaka, wewe ulijua?' Nilijua."

Mchumba aliyetafutiwa alikuwa Namdev Lokhande, mkata miwa, mtu wa utani mwingi. Akapata kazi ya kupika chakula cha mchana shuleni. Kwa miaka mingi mikono yake ilinuka moshi na bizari, na hakuna aliyejua kwamba mpishi yule aliwahi kukimbia.

Mpaka alipomwona Sarika Misal. Sarika alikuwa na miaka kumi, amechelewa, anakatiza mashamba kama mshale awahi wali wa dengu.

"We mtoto, nani anakufukuza?"

"Hakuna, Mama Mdogo. Nawahi chakula."

"Hebu rudi mpaka kisimani, halafu uje tena hivyohivyo. Chakula chako nakushikia."

Sarika akarudi kisimani. Akaja. Shevanta akaweka upawa chini, akasahau foleni nzima ya watoto wenye sahani. Kesho yake walikuwa wawili. Mwaka ulipokwisha walikuwa kumi na mmoja, na wote walimwita Mama Mdogo.

Uwanja hawakuwa nao. Walikimbia barabara kuu, kabla jua halijatoka, kwa sababu saa mbili Shevanta alitakiwa jikoni. Yeye alifuata nyuma kwa baiskeli, sari ameifunga kibwebwe, filimbi mdomoni, tochi mkononi.

"Wenzangu wameoa wake," Namdev alikuwa akisema. "Mimi nimeoa filimbi. Saa kumi na nusu inalia ndani ya nyumba, hata jogoo wa jirani kaacha kazi."

Baba mmoja alimfuata jikoni akafoka, "Unawafundisha binti zetu kukimbia waende wapi?" Shevanta akamkabidhi sahani ya chakula. "Kaa kwanza, kaka. Ukishiba nitakuambia mwanao jana alikimbia kwa muda gani." Yule baba alikula. Siku ya pili yeye mwenyewe ndiye aliyemleta binti yake.

Sarika alipofika miaka kumi na saba, alishika nafasi ya tatu nchi nzima, mbio za vijana za mita elfu tatu. Hapo ndipo magari yalipoijua njia ya Pimpalwadi. Wakaja wapiga picha. Wakaja wenye kadi na ahadi. Mmoja akamshika Shevanta begani, akamwambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba bango." Bango lilisema michezo inakua, nafasi ipo kwa kila kijana. Shevanta akasogea.

Na kweli, kulijengwa uwanja. Njia nane nyekundu, taa nne ndefu, ukuta, lango la chuma. Ulikamilika miaka miwili iliyopita. Miaka miwili, wasikilizaji wapendwa! Ukafungwa kwa kufuli, ukimsubiri mgeni rasmi apate siku ya kuja kukata utepe. Nyasi zikaota kwenye shimo la kurukia. Mbwa wakazaa chini ya jukwaa.

Shevanta alikwenda ofisi ya michezo mara nne. Mara nne akapigwa danadana. Mara ya mwisho aliongozana na binti yake Ujwala, na Ujwala ndiye aliyetupa maneno haya neno kwa neno.

"Mama, uwanja haujafunguliwa," alisema ofisa.

"Ndiyo maana nimekuja, bwana. Ufungue."

"Unafunguliwa na mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi anakimbia mita ngapi?"

Makarani wakacheka. Ofisa hakucheka. "Una cheti cha ukocha?"

"Nina wasichana kumi na mmoja. Huu ni msimu wa miwa, matrekta yanapita usiku na mchana. Nakuomba saa moja tu kila alfajiri. Tutafagia wenyewe."

"Mama, wewe ni mpishi. Rudi jikoni."

Walipotoka, Ujwala aligeuka kwa hasira arudi ndani. Mama yake alimwambia, "Usiniharibie pumzi. Kesho tuna kilomita nane."

Ilikuwa Januari. Ukungu mzito. Wasichana walikuwa mbele, Shevanta nyuma. Trekta la miwa lenye matela mawili likajaribu kulipita jingine, likaingia upande wao. Sarika anasema walisikia filimbi, ndefu, haikatiki. Walimjua Mama Mdogo. Filimbi ile ilimaanisha tokeni barabarani. Wakajirusha mtaroni, wote kumi na mmoja. Yeye alikuwa ameiingiza baiskeli katikati ya njia, anapunga tochi dereva amwone. Dereva alimwona. Alikata kona. Tela la pili halikukata naye.

Wasichana wote wazima. Shevanta Lokhande alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Dereva amekamatwa. Sawa, sheria ichukue mkondo wake. Lakini kutoka alipoangukia mpaka lango la uwanja ni hatua mia tatu na kumi. Nimezihesabu mwenyewe. Sasa niambieni, huyo mwenye ufunguo naye amekamatwa lini?

Hajakamatwa. Alikuja msibani na shada la maua.

Kisha ikatokea miujiza. Mgeni rasmi aliyekosa siku miaka miwili, akaipata ndani ya majuma mawili. Uwanja ukafagiliwa. Mbwa wakafukuzwa. Mezani ikawekwa picha ya Shevanta yenye mkufu wa maua ya manjano, na chini yake wakaandika: Kocha. Akiwa hai alikuwa mpishi, arudi jikoni. Alipokufa, wakampa cheti.

Wasichana walivalishwa fulana mpya, wakapangwa mstarini ili wakimbie mbele ya mgeni. Bastola ikalia.

Hawakukimbia.

Walikaa chini, pale pale mstarini, mmoja baada ya mwingine. Mpiga bastola akadhani hawakusikia. Akapiga tena. Ofisa akaja mbio, jasho linamtiririka. "Mabinti, inukeni! Mnatuaibisha!"

Sarika hakuinuka. "Mama Mdogo amefia pale nje," alisema, na kipaza sauti cha mgeni rasmi kilikuwa karibu, kikayabeba maneno mpaka jukwaani. "Huku ndani kulikuwa na nafasi."

Kisha mzee Namdev, ambaye walimketisha safu ya mbele kama pambo, akashuka, akaenda kukaa chini na wale watoto. Mama zao wakamfuata, wakata miwa wenye mikono iliyochanika. Mgeni rasmi aliondoka bila kukata utepe.

Lango sasa liko wazi kila alfajiri, na wasichana wanakimbia ndani. Nimesikia ofisini wanayaita hayo mafanikio. Mimi sina jina zuri la kuyaita.

Mzee Namdev, dada Ujwala, mzee Kisan, Sarika na wenzako kumi: kituo hiki kinalia nanyi. Mmempoteza mtu, siyo picha ya mezani. Poleni sana.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri. Pengine kuna lango, ukumbi au karatasi inayosubiri sahihi yako, na nje yake kuna mtu aliyekwishakuja mara tatu. Akija ya nne, mfungulie angali hai. Ukishindwa, basi siku ya maziko yake baki nyumbani na maua yako.