Shangazi Apumzika Kubisha Hodi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kitengo cha Takwimu za Makazi, mwenzetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ofisini anajulikana kama Shangazi. Hata mkurugenzi humwita hivyo, ingawa mkurugenzi ndiye anayemzidi umri, na suala hilo halijawahi kujadiliwa.

Muda wote huo alihudumia eneo moja la posta, kuanzia karakana za reli hadi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kazi yake ilikuwa kujua wanaishi watu wangapi, wanapata kiasi gani na wanalala chini ya paa la namna gani. Swali la kwanza watu hulijibu. La tatu huonekana kwa macho. La pili ndilo lililomtia mvi. Fundi seremala mmoja, alipoulizwa kipato chake, alitazama juu akasema, “Riziki yangu anaijua Mungu.” Shangazi akauliza, “Kwa wiki au kwa mwezi?” Akajibiwa.

Aling'atwa na mbwa mara mbili, zote katika kaya za kipato cha juu. Hatukuchapisha matokeo hayo kwa kuwa sampuli ni ndogo.

Lakini Shangazi tutamkumbuka zaidi kwa lile ghala. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na jengo lililoandikishwa kuwa la kuhifadhia mizigo, wakazi sifuri. Mwenye jengo aliapa kwamba mle ndani mna magunia tu. Asubuhi moja Shangazi akaona nguo za mtoto zimeanikwa dirishani, akaingia.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama mjamzito. Alikiri kwa shingo upande kwamba humo chumbani wako watano. Kabla hawajafika mbali na maswali, uchungu ukamshika. Shangazi akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akaambiwa, “Mama, anwani hiyo ni ghala. Haina watu.”

Shangazi alipiga kelele za kuomba msaada hadi sauti ikamkauka. Milango iliyokuwa imefungwa kimya ikafunguka mmoja mmoja. Majirani waliokuwa wakijificha kwa hofu ya kufukuzwa wakatoka na maji, mashuka na ushauri mwingi. Mfua nguo wa chumba cha pili ndiye aliyempokea mtoto, Shangazi akimshika mama mkono. Gari lilifika baadaye, baada ya kuzunguka sana. Mama na binti walikuwa salama. Jibu la swali la kwanza lilirekebishwa kuwa sita.

Alirudi ofisini viatu vimelowa, akataka jengo liandikishwe kuwa makazi siku hiyohiyo. Mkuu wa kitengo wa wakati huo alimshauri asubiri sensa ijayo. Shangazi akavuta kiti, akaketi. “Bosi, mtoto hakusubiri sensa.” Hakuondoka hadi karatasi iliposainiwa. Mwaka huohuo kaya kumi na tisa zikapata anwani, kisha bomba la maji. Mwenye jengo aliacha kumsalimia, naye akalipokea hilo kwa utulivu.

Tunamshukuru mumewe, aliyepasha chakula moto jioni nyingi mno. Wawili hao wanahamia kwa dada yake Shangazi, nje ya eneo hili, kwa hiyo eneo letu linapungukiwa na wakazi wawili. Kwenye jedwali tofauti hiyo haitaonekana. Huku ofisini, kuanzia Jumatatu, itaonekana.

Asante sana, Shangazi. Nenda salama, uwe na afya tele na siku ndefu zisizo na haraka.