Bega la Mpiga Isukuti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua spana. Ndugu zangu mliokuja leo na miguu mipya, nisikilizeni kabla hamjapita duka la vifaa.

Mguu huu wa kulia ni wa bandia. Wa kuzaliwa ulibaki ng'ambo ya mpaka nikiwa askari, tulipokanyaga bomu lililofukiwa. Kigutu kilipopona, fundi wa hapa kituoni alinitengenezea huu, akaniambia nije mazoezini. Nikaitikia vizuri, kisha nikaenda nyumbani kujifundisha mwenyewe.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kitu kisiponyooka, silali. Nilitembea mbele ya kioo cha mama nikaona bega la kushoto linashuka, nikasema mguu umekosewa. Kwenye kifundo kuna skrubu za kupanga mwelekeo. Nilikaza kwa spana, nikalegeza, nikarudi kwa kioo. Bega likashuka tu. Goti likaanza kuuma, kigutu kikatoka malengelenge, na bado bega.

Wakati huo dada yangu alikuwa karibu kuolewa. Kwetu, upande wa Sigalagala, bibi arusi hutolewa nyumbani kwa ngoma za isukuti, na wapiga ngoma humtangulia kwa miguu mpaka barabarani. Hakuna mpiga ngoma wa kukaa kwa kiti. Kabla ya jeshi, ile ngoma kubwa ilikuwa yangu. Dada alisema kama si mimi, wasiite mtu mwingine. Na mimi, nawaambia ukweli, sikuweza kufika jikoni bila kushika ukuta.

Mama akanileta hapa kama mtoto wa chanjo. Dada wa mazoezi, huyu anayetufundisha kutembea, alitazama skrubu zangu. Akauliza shida ni nini. Nikamweleza habari ya bega, kwa urefu, wenyeji mnanijua. Akamgeukia mama, akamuuliza nilikuwa natembeaje zamani.

Mama alianza kucheka kabla ya kujibu. "Huyu? Huyu aliendanga upande tangu aanze kubeba ngoma. Hilo bega halijawahi kunyooka."

Ndugu zangu, nilikuwa nauadhibu mguu kwa makosa ya ngoma.

Fundi alirudisha skrubu mahali pake, na dada wa mazoezi akasema siku nyingine nije na isukuti. Basi nilijifunza kutembea katikati ya yale mabomba ya kushikilia, ngoma kwapani, mshipi begani. Waliokuwa wakifanya mazoezi yao wakaacha, wakaanza kutikisa mabega. Mzee mmoja wa magongo akaniomba, "Polepole, kijana. Mguu wangu haujaujua huu wimbo."

Siku ya arusi mvua ilikuwa inanyesha na ua unateleza. Nilitanguliza kisigino kama nilivyofundishwa, nikapiga, tukatoka. Nyuma yangu nikamsikia dada yangu, bibi arusi, akimwambia mwenzake, "Ni yeye. Angalia bega."

Nililia nikipiga. Mvua ilinisaidia kuficha.

Fundi, asante kwa kutonifukuza. Dada wa mazoezi, asante kwa kuruhusu kelele. Mama, asante kwa kile kicheko. Nawe mgeni, kabla hujarekebisha chochote, muulize anayekujua tangu zamani. Pengine unachokiona kuwa ni jeraha ni wewe tu.

Spana iko kwa fundi. Kioo kimerudi chumbani kwa mama. Siku hizi nakuja mazoezini, napiga ngoma arusini, na bega la kushoto bado liko chini.