Bi Remedios Ortuño na Mzeituni Uliokataa Kunyauka

Tarehe 30 Juni Bi Remedios Ortuño anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha kuzalisha aina mpya za mizeituni hapa Jaén kwa miaka thelathini na minne. Wasifu huu nimeombwa niuandike mimi, ambaye nimemwonea wivu karibu muda wote huo. Nitajitahidi kuwa mwema.

Tulianza pamoja, kazi moja: kuchavusha maua kwa brashi, kuotesha miche, kusubiri miaka, kisha kuchagua mmoja na kutupa mamia. Mimi nilipata mti wa kupendeza, ulionyooka, wenye mafuta mengi kuliko wowote kituoni. Wa kwake ulikuwa mfupi, umepinda, unazaa kwa kusitasita. Nilifurahi kupita kiasi.

Wakati huo ugonjwa wa mnyauko ulikuwa ukikausha mashamba ya bonde zima. Remedios akaomba miche ya mti wake ikapandwe kwenye shamba la marehemu baba yake, ambako ugonjwa ulikuwa umeua kila mti. Wakubwa walicheka.

"Shoga, unapeleka watoto makaburini," nikamwambia.

"Nataka kuona nani atarudi. Wako naye aje?"

Nikampa, kwa kiburi. Kiangazi cha pili miche yangu ilikauka kuanzia kileleni. Yake ilipukutisha majani, ikachipua upya, ikazaa. Nilikagua kila tawi nikitafuta dalili. Sikupata.

Leo aina yake imefunika vilima. Hata kaka yangu Eusebio, alipong'oa mizeituni iliyomfia, alipanda ya Remedios. Nilimfokea mezani mbele ya familia.

"Dada, nakupenda," akasema, akichovya mkate kwenye mafuta, "lakini undugu hauzai zeituni."

Remedios ana kasoro, nashukuru: kahawa yake hainyweki, na gari lake lina mkwaruzo wa kila lango la kituo.

Nafasi yake nimepewa mimi. Wiki iliyopita, akinikabidhi kazi, alinipeleka kwenye shamba lile la baba yake, mpaka kwenye mstari wa miti nisiyoijua, iliyonyooka, imejaa matunda machanga. Kumbe miaka ile, kabla mti wangu haujang'olewa kituoni, alichukua chavua yake akachavushia maua ya wake.

"Ina mafuta ya wako na ukaidi wa wangu," akasema. "Sasa chagua wewe."

Wazo hilo lilipaswa kuwa langu.

Bi Remedios, tunakushukuru sote. Ukawe na afya, usingizi mrefu na mavuno mema. Na tafadhali, ukipata wazo lingine, nipigie mimi kwanza.

Casilda Moyano