Getruda, Mrithi wa Jicho la Babu Luhende

Marehemu Getruda, tunayemsindikiza leo hapa Ntalikwa, alizaliwa Sikonge tarehe 12 Machi 1947, katika ukoo wa warina asali. Babu yake, mzee Luhende, alikuwa chongo tangu utotoni, na watu walisema nyuki ndio waliompofusha. Basi jicho moja la mtoto lilipoonekana linang'aa jeupe mbele ya taa, babu alichinja mbuzi. "Jicho langu limerudi," alisema. "Huyu ndiye atakayerithi mizinga." Kumbe ilikuwa saratani. Waliliacha hadi likavimba, na mwaka 1949 likatolewa hospitalini.

Mwaka wa Uhuru alimaliza darasa la nane, akasomea ualimu, akaja kufundisha katika kijiji chetu cha Ujamaa. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima. Mzee akisinzia, alimwambia, "Shikamoo, mzee. Hili jicho moja linatosha kukuona."

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Nikolaus, fundi baiskeli. Walijaliwa Flavia mwaka 1972 na Eustace mwaka 1976. Kila jioni Getruda aliwamulika watoto macho kwa kurunzi, akitafuta weupe kama ule wake, na Nikolaus akimtania, "Mama Flavia, macho hayaibwi."

Mwaka jana mguu ulianza kumuuma. Nikolaus alidhani ni kwa vile mkewe aliwahi kuanguka na baiskeli. Hospitali wakasema ni saratani ya mfupa. Daktari alimweleza Nikolaus kifundi, mkewe akisikia: "Kila chembe ya mwili ina breki mbili za kuizuia isizaane ovyo. Mkeo alizaliwa moja imekatika, ni urithi wa ukoo. Ya pili ikikatika, hakuna cha kuisimamisha. Ndivyo ilivyokuwa jichoni, na sasa mfupani."

Getruda hakuuliza habari ya mguu. Aliuliza, "Na watoto wangu?"

"Kila mmoja, huenda kapata breki nzima, huenda kapata iliyokatika. Endeleeni kuangalia macho."

Tangu siku hiyo Nikolaus hakutania tena.

Getruda alifariki tarehe 3 Novemba 1977. Tusidanganyane, aliogopa, si kifo, bali jioni ambazo hatakuwepo kushika kurunzi.

Ameacha mume, watoto wawili, na kaka yake Silasi, anayesoma haya. Flavia, madaktari wanasema, amekwisha kuvuka umri wa hatari ya macho. Eustace bado. Jana, nyumba imejaa waombolezaji, Nikolaus alimpeleka mtoto chumbani akawasha kurunzi, akaishika mbali mno na macho. Flavia akamshika mkono. "Hivi, baba. Mama hufanya hivi."

Mboni zote mbili zilikuwa nyeusi. Hiyo ni jana. Leo ataangalia tena.

Getruda, lala kwa amani. Zamu yako imepokelewa.